Ridhaa ya Nani?

Jumamosi ya Novemba 28 mwaka huu wa 2026, kuanzia saa mbili usiku, msinitafute. Mama watoto ameshaambiwa, jirani ameshaombwa waya wa umeme wa akiba, na anayenidai asubiri Jumapili. Siku hiyo Ohio State wanawakaribisha Michigan mjini Columbus. Kwa desturi mechi hii huanza saa sita mchana kwa saa za kule, na saa sita yao ndiyo saa mbili yetu ya usiku.

Mpira wenyewe si huu wetu. Ni ile futiboli ya Kimarekani, ya helmeti na mabega ya kupachika, mpira una umbo la papai changa na mguu hauugusi ila mara moja moja. Unapewa nafasi nne za kusogea yadi kumi; ukishindwa, mwenzio anachukua mpira. Mengine yote ni mapambo. Na hawa si timu za kulipwa za kule, zile mnazoziona kwenye fainali yenye muziki katikati. Hawa ni wanafunzi wa chuo. Ndiyo, wanafunzi. Uwanja wa Ohio State, wenye umbo la kiatu cha farasi, uliofunguliwa mwaka 1922, unachukua watu 102,780. Ule wa Michigan unachukua 107,601. Uwanja wetu wa Mkapa unachukua 60,000, na tunauita mkubwa. Fikiri basi: mechi ya chuo kwa chuo, na watu ni Mkapa moja na nusu, na zaidi.

Mimi ni wa Ohio State. Niliishi Columbus miaka minne, usiku nikipakua maboksi ghalani, mchana nikijaribu kuandika riwaya ambayo mpaka leo haijaisha, na katika miaka hiyo ugonjwa ukaniingia. Sikuutafuta. Ukikaa Columbus wiki ya mechi hii utaona watu wazima, maprofesa wenye mvi, wanazunguka chuoni wakipiga mkasi mwekundu juu ya kila herufi M iliyoandikwa kwenye vibao. Jina la Michigan halitajwi, wanasema "ile timu ya kaskazini." Ni Simba na Yanga, ila hawa wana majimbo mawili nyuma yao, na majimbo hayo mnamo 1835 yalikaribia kupigana vita vya kweli kwa kugombea mji wa Toledo. Mechi ya kwanza ilikuwa 1897, Michigan wakashinda 34 kwa 0. Tangu hapo ni kulipizana.

Sasa kwa nini nawaletea habari hizi kwenye jarida la hadithi na mashairi? Ni kwa sababu nimechokozwa.

Mwezi uliopita kijiweni kwetu, pale tunapokutana kusomeana kazi zetu, mwenzetu mmoja, mshairi mzuri tu na sina ugomvi na mashairi yake, alisimama akasema mwandishi wa kweli haulizi malipo. Anayeuliza malipo, eti, ni mfanyabiashara aliyepotea njia. Akatafuta mfano, macho yakaniangukia mimi. "Muulizeni huyu na mpira wake wa vyuo vya Marekani," akasema. "Zamani wale vijana walicheza kwa mapenzi, watu wakalia machozi uwanjani. Siku hizi wanalipwa. Mchezo umekufa." Watu wakapiga makofi. Mimi nikanyamaza, kwa sababu chai ilikuwa imeagizwa na yeye ndiye aliyekuwa anainunua. Leo sinywi chai ya mtu.

Nianze na neno. Tangu utoto tumesikia redioni "ngumi za ridhaa" na "ngumi za kulipwa." Ridhaa ni yule asiyelipwa. Neno zuri, lina adabu, lina harufu ya udi. Siku moja ghalani, saa tisa za usiku, tumekaa juu ya maboksi tukingoja lori lililochelewa, jamaa niliyekuwa nafanya naye kazi aliniuliza wachezaji kama yeye alivyokuwa wanaitwaje kwa Kiswahili. Alikuwa mtu wa miraba minne, mweusi kama mimi, goti la kushoto likilia kila akipanda ngazi. Aliwahi kucheza miaka mitatu katika chuo kimoja kikubwa cha kule, jina silitaji, mpaka goti lilipomaliza kazi. Nikamwambia: mchezaji wa ridhaa. Akauliza ridhaa maana yake nini. Nikamwambia ni kukubali mwenyewe kwa moyo wako, kama mtu anayetoa idhini. Alicheka mpaka akashika boksi. Halafu akauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake, na ndilo nililoliazima kuwa kichwa cha makala haya.

Ridhaa ya nani?

Maana tusidanganyane. Wenye kusema zamani walicheza kwa mapenzi wanasema kweli nusu. Vijana walicheza kwa mapenzi. Je, kocha? Je, televisheni? Je, muuza jezi? Mwaka 2010 kocha wa Ohio State, Jim Tressel, alikuwa analipwa zaidi ya dola milioni tatu kwa mwaka. Hakuna aliyesema pesa zimemwondolea mapenzi. Leo kocha wa timu hiyo hiyo, Ryan Day, ana mkataba uliotangazwa Februari 2025 wa wastani wa dola milioni 12.5 kwa mwaka. Umoja wa vyuo wanaochezea, unaoitwa Big Ten, mwaka 2022 ulitia saini mikataba ya televisheni ya miaka saba ambayo magazeti yaliitaja kuwa zaidi ya dola bilioni saba. Bilioni, ndugu zangu, si milioni. Kwenye sufuria hiyo kila mtu alikuwa na kijiko chake. Asiye na kijiko alikuwa mmoja tu, yule anayevunjwa goti, na yeye ndiye aliyeambiwa ukila utaharibu ladha.

Nitawapa kisa kimoja, na nawaomba mkikae nacho. Tangu 1934 Ohio State wana mila: kila mchezaji anayeishinda Michigan hupewa kisuruali kidogo cha dhahabu, cha kuning'iniza kwenye mkufu. Kilianzia kwa kocha mmoja, Francis Schmidt, aliyewaambia watu wasiiogope Michigan kwa sababu nao huvaa suruali mguu mmoja baada ya mwingine kama binadamu wengine. Kimeandikwa jina lako, herufi zako. Chako.

Chako? Mwisho wa mwaka 2010 iligundulika kwamba wachezaji watano wa Ohio State, mmoja wao Terrelle Pryor aliyekuwa mrusha mpira wao mkuu, walikuwa wameuza vitu vyao, pete za ubingwa, jezi, na Pryor akiwemo na kisuruali chake cha 2008, kwa fedha na kwa kuchorwa chale mwilini. Yaani mtu kauza kitu alichopewa kwa jasho lake. Adhabu ikatoka: mechi tano za kukaa nje. Lakini ngoja, utamu uko hapa. Adhabu ianze msimu ujao! Kwa sababu Januari 2011 kulikuwa na mechi kubwa ya New Orleans dhidi ya Arkansas, yenye televisheni na wadhamini, na vijana hao walitakiwa uwanjani. Wakacheza. Ohio State wakashinda 31 kwa 26. Pryor aliambiwa alipe dola 2,500, thamani ya alivyouza, zitolewe sadaka.

Baadaye ikajulikana kocha alikuwa na habari hizo mapema akanyamaza. Akajiuzulu Mei 2011. Ushindi wote wa msimu wa 2010 ukafutwa vitabuni, pamoja na ule wa kuwafunga Michigan 37 kwa 7 ambao nina hakika watu laki moja waliuona kwa macho. Kijana akapigwa marufuku kuhusiana na timu kwa miaka mitano. Na kocha? Kocha akaja kuwa rais wa chuo kikuu kingine cha Ohio, na Februari 2025 akaapishwa kuwa Naibu Gavana wa jimbo. Simchukii mzee yule. Watu wa Columbus wanampenda na ana mazuri yake. Nauliza tu hesabu. Aliyeuza kisuruali chake mwenyewe na aliyeficha habari, mapenzi ya mchezo yalimwadhibu nani zaidi?

Kuna jambo jingine ambalo mshairi wetu halijui, na silaumu, nami sikulijua mpaka yule jamaa wa ghalani aliponipa kitabu. Wale vijana rasmi hawaitwi wachezaji. Wanaitwa kwa jina la kuunganisha, "mwanafunzi-mwanamichezo." Jina hilo halikutoka kwa mshairi, lilitoka kwa wanasheria. Mwaka 1955 kijana aitwaye Ray Dennison aliumia kichwa akiichezea chuo kidogo cha Fort Lewis, Colorado, akafa. Mjane wake akadai fidia kama anavyodai mjane wa mfanyakazi yeyote aliyefia kazini. Mwaka 1957 mahakama kuu ya jimbo ikasema hapana: chuo hakiko kwenye biashara ya mpira. Katika miaka hiyo hiyo chama kinachosimamia michezo ya vyuo, NCAA, chini ya katibu wake mkuu Walter Byers, kililisambaza jina hilo kila mahali ili asije mtu akamwita mchezaji mfanyakazi. Byers mwenyewe, alipostaafu, alikuja kuandika kitabu mwaka 1995 akikiri na kuushambulia mfumo alioujenga kwa mikono yake. Mzee wa watu! Alichelewa, lakini alisema.

Neno, basi, linaweza kuwa ukuta. Sisi tunaojiita watu wa maneno tulipaswa kuwa wa kwanza kulinusa hilo. Ukimwita mtu mfanyakazi, mjane wake analipwa. Ukimwita mwanafunzi-mwanamichezo, mjane anarudi nyumbani na bahasha tupu.

Najua nitajibiwa kwamba walikuwa wanasomeshwa bure. Hoja hii ina uzito, siikimbii; nani kati yetu asingepokea ada ya chuo cha Marekani? Hata mimi ningeuza figo. Lakini jamaa yangu alinieleza kusoma kwenyewe. Alitaka uhandisi. Maabara ilikuwa alasiri, mazoezi alasiri. Akaulizwa anakuja mazoezini au haji. Akachukua somo lililokuwa na nafasi asubuhi, na shahada aliyoipata anaitunza ndani ya boksi, kama lile tulilokuwa tumelikalia. Hakulalamika aliponieleza. Alikuwa anahesabu maboksi ya lori lililokwisha kufika.

Ukuta ulianza kubomoka kwa nyundo za mahakama. Ed O'Bannon, aliyecheza mpira wa kikapu UCLA, alijiona ndani ya mchezo wa video, sura yake, namba yake, mkono wake wa kushoto, unauzwa madukani na yeye hana hata senti. Akashtaki mwaka 2009, na mwaka 2014 jaji akampa haki kwa sehemu. Juni 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji tisa kwa sifuri, na wale majaji hawakubaliani hata juu ya saa ya chakula, ikasema NCAA haiko juu ya sheria za ushindani. Julai mosi mwaka huo vijana wakaruhusiwa kuuza majina na sura zao. Halafu Juni 2025 ikaidhinishwa suluhu kubwa: karibu dola bilioni 2.8 za kuwafidia waliocheza zamani, na kila chuo kikiruhusiwa kugawia wachezaji wake hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza.

Hao "waliocheza zamani" ni kuanzia 2016. Jamaa yangu alicheza kabla. Nilimtumia ujumbe siku ile nikimuuliza kama ameona. Akajibu ameona.

Na mchezo ukafa? Tuangalie maiti, basi. Novemba 2024, mwaka wa nne wa kulipwa, Michigan walikuja Columbus wakiwa timu mbovu kwa viwango vyao. Wacheza kamari waliwapa Ohio State ubora wa karibu pointi 20. Michigan wakashinda 13 kwa 10. Nililia. Mtu mzima, Mtanzania, nalia kwa ajili ya mambo ya Ohio, saa sita za usiku, mke ananiangalia kama anayejiuliza alifungia ndoa nini. Baada ya kipenga Michigan wakataka kuchomeka bendera yao katikati ya uwanja, ngumi zikalia, polisi wakapuliza dawa ya pilipili. Chuo kila kimoja kikatozwa faini ya dola laki moja. Sisifu ngumi. Nasema tu sijawahi kuona maiti inayorusha ngumi. Na hao hao Ohio State waliofungwa siku ile walijikusanya, na Januari 20, 2025 wakawafunga Notre Dame 34 kwa 23 wakawa mabingwa wa taifa. Kama mapenzi huisha mtu akilipwa, yale yalikuwa nini?

Hata hivyo sitaki kuonekana mpambe wa kila kitu. Kuna kilichopotea na kinaniuma. Siku hizi kijana anahama kila msimu. Zamani ulimjua mchezaji akiwa na ndevu mbili kidevuni, ukamwona anaangusha mpira mwaka wa kwanza, mwaka wa nne yeye ndiye anayeushika kwenye theluji, ukahisi umemlea. Leo ukimzoea tu, kahama. Vyuo vidogo vinalea, vikubwa vinavuna. Haya ni ya kweli. Lakini makocha walikuwa wanahama siku zote, na tuliita hilo maendeleo ya kikazi! Novemba 2025 kocha Lane Kiffin aliiacha Ole Miss ikiwa imeshinda mechi 11 na kupoteza moja tu, iko mlangoni mwa mashindano ya ubingwa, akaenda LSU. Waliomlaani walikuwapo, ndiyo, hasa kule Mississippi. Ila hakuna aliyependekeza kwamba dawa yake ni makocha wasilipwe.

Haya, turudi nyumbani. Mshairi wangu, nisikilize kwa wema.

Jarida hili halinilipi kwa makala haya. Mhariri akiikata sentensi hiyo mtajua. Na mimi sidai, kwa sababu najua hesabu: mhariri wetu anakuja kwa daladala kama mimi, karatasi tunachangishana, na nakala zikibaki tunazigawa vyuoni kwa mikono. Hapa hakuna anayekula. Hiyo ndiyo ridhaa. Wote tumekubali, na wote tuna njaa moja. Nitaandika humu mpaka mniambie basi.

Lakini wengine wetu tunakumbuka lile jambo la mkusanyiko wa hadithi. Tuliombwa hadithi na mchapaji mmoja. Tukaambiwa ni kwa ajili ya kukuza lugha, vijana, msiwe na tamaa, jina lenu litaonekana. Tukatoa. Kitabu kikatoka, kikaingia shuleni, kikachapwa tena na tena. Sisi tulipata nakala mbili mbili. Nilipokwenda kuuliza, niliambiwa kwa upole kabisa, kwenye ofisi yenye kiyoyozi, kwamba fasihi ni wito. Nikaangalia kiyoyozi. Kiyoyozi hakikuwa na wito, kililipiwa umeme. Karani alikuwa na mshahara, dereva alikuwa na mshahara, aliyebeba vitabu kutoka kiwandani alilipwa kwa kila boksi, najua kazi hiyo. Katika mnyororo mzima, mwenye wito alikuwa ni yule aliyeandika.

Kwa hiyo ukisimama kijiweni ukasema mwandishi wa kweli haulizi malipo, hunitetei mimi wala sanaa. Unamtetea yule wa kiyoyozi, naye hata kijiweni hajafika na chai yako hajainywa. Na wale watoto wa miaka kumi na nane waliokupigia makofi, wenye madaftari yao mapya, watakwenda kwake wakiwa wameshalainishwa. Hilo ndilo linalonikera, zaidi ya kuutukana mpira wangu.

Niliyataka haya yatoke kifuani kabla ya mechi. Sasa mechi yenyewe.

Sitaji wachezaji. Kwa mwendo wa siku hizi, kabla jarida halijatoka kiwandani kijana keshabadilisha jezi, nikaonekana mjinga. Nitasema ninaloliona kwa timu. Ohio State walishinda mwaka jana kule Michigan, 27 kwa 9, na kufuta mkosi wa kufungwa mara nne mfululizo, 2021 mpaka 2024. Watu wa Columbus wanajiona wamepona. Mimi naogopa. Nyumbani kwao, mbele ya wale watu laki moja, mara ya mwisho kuwafunga Michigan ilikuwa 2018, 62 kwa 39. Baada ya hapo Michigan wamekuja Columbus mara mbili, 2022 na 2024, na mara zote mbili wameondoka wakiimba. Mechi ya 2020 haikuchezwa kwa ajili ya korona. Kijana aliyeingia darasa la kwanza mwaka ule wa 2018 sasa yuko sekondari, hajaona ushindi wa nyumbani tena.

Na Michigan wana kocha mpya, Kyle Whittingham, aliyeongoza timu ya Utah kwa zaidi ya miaka 20. Wazee wa namna hiyo hawaji na ufundi wa kupendeza macho. Wanakuja kusukuma. Atawaweka watu wanene mbele, atakula saa, atakunyima mpira mpaka uwe na wazimu. Kosa la Ohio State mwaka 2024 lilikuwa hilo hilo: walikuwa na wakimbiaji wa pembeni hodari kuliko timu yoyote, wakang'ang'ania kupita katikati, penye ukuta wa wanaume wa Michigan, kama mtu mwenye funguo mfukoni anayevunja mlango kwa kichwa ili aonyeshe ana nguvu. Ni ubishi, na ubishi katika mechi hii ni ugonjwa wa kurithi. Wakitupa mpira mapema, pembeni, robo ya kwanza, watashinda. Wakitaka kuthibitisha uanaume, tutakesha.

Theluji nayo sijaisahau. Novemba 1950 walicheza hapo hapo Columbus ndani ya tufani ya theluji, mistari haionekani, mpira unateleza kama sabuni. Timu zote zilikuwa zinaupiga tu mpira uende mbali ili mwenzake ndiye akosee. Kwa pamoja waliupiga hivyo mara 45. Michigan hawakufanikiwa hata mara moja kusogea zile yadi kumi, na wakashinda, 9 kwa 3. Huo ndio mchezo ninaoupenda, Mungu anisamehe. Watu hamsini elfu walikaa kwenye baridi ile kuangalia wanaume wakikosea.

Utabiri wangu: Ohio State 23, Michigan 20, kwa mpira wa mwisho unaopigwa kupita kati ya milingoti, na mpigaji ni kijana ambaye hakuna aliyelijua jina lake asubuhi. Atapewa kisuruali chake cha dhahabu. Akitaka kukiuza Jumatatu, akiuze.

Yule jamaa wa ghalani haangalii mechi hizi tena, ila huwa ananipigia simu zikiisha. Hajali nani kashinda. Huniuliza kama kuna aliyetolewa uwanjani amebebwa, na kama alitembea mwenyewe baadaye, nami huwa nimekwisha kuandika pembeni, robo ya ngapi na goti lipi, ili nisimpe jibu la kubahatisha.

Mshairi wangu, mlango utakuwa umefungwa kwa wengine, wewe gonga. Chai itakuwa yangu mara hii.